Bustani Safi Kama Njia ya Reli

Ukitaka kumjua Methusela, mtazame anavyotembea. Hatua zake ni fupi na zote zina urefu mmoja, hata akienda chooni, kwa kuwa kwa miaka thelathini na mmoja alitembea juu ya mataruma, zile nguzo fupi zinazolazwa chini ya reli, na mataruma hayamwachi mtu atembee apendavyo. Hakuwa dereva wa treni. Wala stesheni masta hakuwa, yule mwenye kofia ambaye watoto humpungia mkono. Alikuwa mtu wa genge, wale wanaokaza misumari, kushindilia kokoto na kung'oa majani ili treni ipite na abiria waendelee kusinzia bila kujua kwamba kuna mtu kama yeye duniani.

Alipostaafu walimpa mkono na cheti chenye fremu, na jina lake kwenye cheti walikuwa wameliandika vibaya. Hakulalamika. Kiinua mgongo akakigeuza ekari moja na nusu huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, mahali ambapo nyumba mpya na mashamba ya uwele bado yanagombania ardhi. Ekari moja na nusu, jamani, si shamba la kumtisha mtu. Ukipiga chafya upande huu, jirani wa upande ule anakujibu. Lakini Methusela alikuwa ameliona shamba hilo miaka mingi kabla ya kulinunua.

Aliliona Gulwe, ambako mto ukifurika hulibeba tuta la reli kana kwamba ni lake. Aliliona Msagali na Igandu na kila kambi aliyohamishiwa. Saa saba mchana bati likiwaka, wenzake wakicheza bao, yeye alijilaza, akafumba macho, na shamba likaja. Nyumba ya vyumba viwili. Alizeti zimesimama kwa mistari, maboga yanatambaa, nyuki wanavuma, upepo unapita juu ya majani taratibu, na katikati kuna mwanamke ameinama anachuma kitu. Kila mara mwanamke huyo alikuwa amempa mgongo. Methusela alijua ni Dorkasi, mkewe, ila uso hakuuona hata siku moja. Na tusifichane, sababu ilikuwa moja tu: uso wenyewe hakuujua vizuri.

Angeujuaje? Miaka yote hiyo Dorkasi alikaa kijijini kwao, ng'ambo ya mto, si mbali na Gulwe. Alilima peke yake, akamlea binti yao Hilda peke yake, akawazika wakwe zake wawili, mumewe akifika siku ya tatu na barua ya ruhusa mfukoni. Likizo Methusela alikuja na sukari na kitenge. Hilda alipokuwa mdogo alijificha nyuma ya mama yake akimwona mgeni huyo. Kisha likizo ikaisha, mgeni akarudi kwenye mataruma yake. Ndoa ya miaka thelathini na minne, na ukikusanya siku walizolala chini ya paa moja, sijui kama zinafika hata miaka minne.

Basi alipomwita Ihumwa, Dorkasi alikuja, lakini alikuja na neno lake. Alilisema mbele ya Hilda, ambaye sasa ni karani mjini na ndiye aliyewatafutia fundi wa nyumba. Hakukasirika wala hakutabasamu.

"Nitakaa mpaka mavuno," alisema. "Baada ya hapo nitaona."

Shamba lake la kijijini hakuliuza, alilikabidhi kwa mdogo wake Ruthu. Na kuja kwenyewe alikuja na furushi moja, nguo zimefungwa katika kitenge cha kahawia kilichopauka, akaliweka karibu na mlango wa chumba. Methusela alingoja alifungue na kuzitoa nguo zote. Wapi. Dorkasi alitoa gauni, akalivaa, akalifua, likakauka, akalikunja, akalirudisha ndani na kukaza fundo. Kila wiki hivyo hivyo, tangu Novemba. Yule mzee akiamka asubuhi jicho lake la kwanza lilikwenda kwenye fundo.

Na maneno ya Dorkasi nayo yalikuwa na mpaka. Hilda alipokuja na wazo la kupanda miche ya zabibu, ambayo humchukua mtu zaidi ya mwaka kabla ya kuonja chochote, mama yake alisema amwulize baba yake. Methusela alipouliza kama wajenge kibanda cha kuku, alijibiwa kuku ni wazuri. Mwezi huu, wiki ijayo, mpaka mavuno, hayo aliyataja. Siku iliyo ng'ambo ya mavuno haikutoka kinywani mwake.

Walilima, lakini. Mvua za kwanza zilipoanguka Desemba walitoka pamoja na majembe, na hapo Methusela akagundua kwamba mkewe ni bingwa na yeye ni mwanafunzi. Dorkasi alipanda uwele na alizeti upande wa chini. Karibu na nyumba akaweka bustani ya karanga, kunde, njugu mawe, maboga na bamia, na kwa macho ya mtu wa genge bustani hiyo ilikuwa fujo tupu. Kunde zimekumbatia bamia. Boga limeingia kwenye karanga bila hodi. Na katikati ya vyote hivyo, majani yaliyojiotea yenyewe, ambayo Dorkasi akipalilia aliyazunguka kwa jembe, anaacha hili, anang'oa lile, kwa hesabu anayoijua yeye.

Methusela alijaribu kusaidia kwa njia yake. Alitafuta mawe, akayapaka chokaa, akayapanga pande mbili za njia kutoka mlangoni hadi bustanini, yamenyooka hata kamba ingeona haya. Dorkasi alitoka, akayatazama, akauliza ni nani anayekuja. Hakuna anayekuja, alisema Methusela. Basi mkewe akayaruka akapita zake. Lakini alasiri hiyo, akiwa peke yake na akidhani haonekani, alipita katikati ya mawe yale polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa njia. Methusela alimwona kupitia dirishani. Furaha aliyoipata alitembea nayo siku mbili, hakumwambia mtu.

Aprili ikafika ukingoni, na ule ndio wakati ambao nchi ya Dodoma inampendeza hata mtu mwenye madeni. Mvua imebakiza tone moja au mawili. Asubuhi umande, ukungu umelala juu ya uwele, vilima vya mbali havijaamua kama ni vilima au ni mawingu. Alizeti zimeinamisha vichwa kwa uzito. Maua ya mwisho ya maboga yanafunguka yakijua hayatazaa tena. Methusela alikaa kwenye kigoda chake na kikombe cha chai, na mara nyingine hakujua kama yuko Ihumwa au bado yuko kambini amefumba macho. Treni mpya ya umeme ilipita kwa mbali, haina moshi wala kishindo, ikateleza na kutoweka. Alisimama kila ilipopita, hata kama kikombe kilikuwa mdomoni. Kisha aliketi tena, akamtafuta Dorkasi kwa macho katikati ya majani, na mwanamke aliyeinama akainuka na kugeuka, na uso ulikuwepo. Ulikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuwahi kulijua.

Alimpenda. Nalisema wazi kwa sababu yeye hakulisema. Mtu mzima wa miaka sitini anampenda mkewe na anaogopa mavuno, haya ndiyo mambo yaliyokuwa Ihumwa mwaka huo.

Siku moja ukaja ujumbe kwamba mtoto wa Ruthu anapata kipaimara. Dorkasi angekwenda siku nne. Akaamka asubuhi, akaoga, akabeba furushi. Lote. Methusela alimsindikiza hadi barabarani, akampandisha gari, akarudi nyumbani na kupaona pale mahali karibu na mlango palipobaki patupu, sakafu imebaki na alama ya duara lisilo na vumbi. Jirani yake Hamidu, mfanyabiashara wa nafaka na mboga kavu kule Majengo, mtu ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, aliuliza kutoka upande wa pili wa ua kama mama ameenda na furushi. Akaambiwa ndiyo. Hamidu akasema tu "Aa," kisha akajifanya ana shughuli na mbuzi wake.

Hiyo "Aa" ndiyo iliyofanya kazi yote. Methusela aliwaza, mwanamke huyu nimpe nini ili arudi na akirudi akae? Pete? Kitenge? Vitenge alimletea miaka thelathini na havikumbakisha yeye mwenyewe nyumbani. Akatazama bustani. Pale ndipo Dorkasi alipoinama kila siku, mgongo unamuuma, anapekua jani moja moja. Akasema: nitaisafisha. Akirudi akute hakuna jani la kumsumbua.

Akaingia alfajiri na jembe na mikono yake, na mikono ile, oh, ilifurahi! Ilikuwa imekaa bure tangu kustaafu. Alianza kona ya mashariki, akaenda hatua kwa hatua, mstari kwa mstari, kama wanavyokwenda watu wa genge kutoka nguzo hadi nguzo. Kilichopandwa kilibaki, kisichopandwa kilitoka na mizizi yake. Hakutazama majani, kwa kuwa mtu wa genge hatazami jani ni la nini, anatazama kama lipo. Jua lilipanda, likamtia kizunguzungu kitamu, na katika kizunguzungu hicho akaona reli zimelala katikati ya karanga na mataruma yamepangwa chini ya maboga, na Dorkasi anakuja juu ya mataruma hayo kwa miguu mitupu, kila hatua taruma moja. Akang'oa kwa bidii zaidi ili apite vizuri.

Siku mbili. Majani yote aliyabeba hadi nje ya ua, upande wa bondeni, akayarundika, maana sheria ya reli ni kwamba uchafu hautupwi upande wa juu ukarudishwa na maji. Jioni ya pili alisimama mlangoni akatazama. Udongo mwekundu umefagiliwa hadi unang'aa, mboga zimesimama mojamoja kama abiria wanaongoja. Mkaguzi wa njia angelia kwa furaha.

Akaenda kunawa. Akamimina maji, akasugua viganja, na viganja vikateleza. Akapaka sabuni, akasugua tena. Vikazidi kuteleza. Maji yakadondoka kutoka vidoleni mwake kwa uzi mrefu usiokatika, mzito, wa kijani. Methusela aliutazama uzi ule ukining'inia. Alikuwa ameula tangu aache kunyonya. Mlenda.

Kwa ambaye si wa huku nitaeleza mara moja tu. Mlenda wenyewe hasa haupandwi. Unajiotea shambani mvua zikianza, na mwenye akili akipalilia anauacha. Mvua zikikaribia kuaga, wanawake huuchuma, huuanika, huutwanga na kuuweka, na hiyo ndiyo mboga ya kiangazi chote, miezi saba ya vumbi ambapo hakuna jani linaloota. Nyumba isiyo na mlenda mkavu itakula ugali mtupu au itaomba kwa jirani. Dorkasi alikuwa anaungoja ukomae. Akitoka kwenye kipaimara, wiki hiyo hiyo, angeuchuma.

Na huyu mzee, Mgogo wa baba na mama, alikuwa ameung'oa wote. Hata shina la kusingizia hakubakisha.

Alikaa chini kwenye mawe yake ya chokaa. Hamidu alichungulia, akaona, akaguna kwa huruma ya kweli. Kisha, kwa vile ni Hamidu, akaleta dawa: ana gunia la mlenda mkavu dukani Majengo, atalipitisha uani kesho, Methusela aseme ameuchuma na kuuanika mwenyewe, mama atashangilia. Methusela alilifikiria jambo hilo, asiseme mtu hakulifikiria. Alimwona Dorkasi akisonga ugali na kusifu. Kisha akamwona akiunusa. Akamwambia jirani asante, mwenzangu, lakini nimeshamdanganya vya kutosha kwa kutokuwepo. Usiku ule mvua ya mwisho ikanyesha, nyepesi, na akaisikia ikigonga lile rundo.

Siku ya nne alasiri pikipiki ilisimama barabarani. Dorkasi akashuka na furushi kichwani. Methusela alimpokea kwa "pole na safari", na kabla mkewe hajafika kwenye mawe alimwambia.

"Mama Hilda, nimeung'oa mlenda. Wote."

Dorkasi alipita. Aliweka furushi mlangoni, nje, si ndani, akaenda hadi ukingo wa bustani akasimama. Jua lilikuwa limeanza kulainika, mwanga wa rangi ya asali umeujaza uwanja ule mtupu. Methusela akaona mabega yake, ule mgongo wa ndotoni, na akajua sasa hivi utaanza kuondoka bila kugeuka. Kwa sauti ndogo akaeleza kwamba alitaka asiiname tena, kwamba mikono haikujua, kwamba kwenye reli ukiacha jani moja mkaguzi anaandika jina lako.

"Umeyatupa wapi?" aliuliza Dorkasi.

Akamwonyesha. Walikwenda wote nyuma ya ua. Dorkasi alichuchumaa, akaingiza mkono ndani ya rundo, akalipasua. Majani ya katikati yalikuwa yameungua kwa joto na kunuka. Ya chini yameanza kuoza kwa mvua. Ya juu, kiasi cha kujaza sufuria moja hivi, jua la siku hiyo lilikuwa limeyakausha vizuri tu. Akayatenga hayo. Kisha akavunja ganda moja la mbegu, akalisugulia kiganjani, akapuliza, akamwonyesha mumewe kilichobaki. Mbegu nyeusi, ndogo kama za ufuta, kumi na kitu.

Aliinuka akaenda hadi mlangoni. Methusela alimwona akiinama juu ya furushi. Dorkasi alilibeba ndani. Fundo lile la tangu Novemba alilifungua kwa meno, maana lilikuwa limekaza, akamwaga nguo zote kitandani, akatoka na kitenge kitupu mkononi. Akakitandaza kando ya rundo, akakaza pembe zake kwa mawe manne ya chokaa.

Wakaanza kupura. Yeye anashika fungu, anapiga na kijiti, mumewe anapokea na kutupa mabua. Mbegu zilidondoka juu ya kitenge kwa sauti ndogo, kama mvua inayoanza mahali pengine. Treni ya umeme ikapita, na Methusela akasimama kwa mazoea, na Dorkasi akamvuta suruali akaketi. Kazi ilipokwisha, mbegu zilijaza viganja viwili, nyingine bado mbichi, nyingine zimeiva. Dorkasi alifunga pembe za kitenge, akaingia bustanini bila viatu, akatembea katikati ya karanga na maboga akizirusha kwa vidole, kidogo kidogo, hapa na pale, pasipo mstari wowote. Methusela alimfuata nyuma. Ilimuuma kidogo kuona hakuna mstari.

Walipofika mwisho Dorkasi alikung'uta kitenge, akakitazama, akamtazama yeye. Uso wote, na kovu lake.

"Mwaka huu tutaomba mlenda kwa Ruthu, na utakwenda mwenyewe umweleze kwa nini," alisema. "Mwakani ukija hapa na jembe lako, niite kwanza."

Methusela alisema atamwita. Dorkasi alikuwa ameshageukia bamia, anachuma za jioni, akaagiza kwamba asisimame tu hapo, moto hauwashwi na macho.

Akaingia ndani kutafuta kiberiti. Nguo zilikuwa zimelala kitandani, magauni sita pamoja na kanga mbili na koti la baridi, hazina pa kukaa. Akazitazama. Akaenda kwenye sanduku lake la kazi, akatoa nyundo na misumari tisa, akapima ukuta kwa jicho, akaipigilia kwa mstari ulionyooka kabisa, na kuanza kuzitundika moja moja.